Sandwichi ya kidari cha moshi: kalori zake, na chumvi yake inatoka wapi

Swali: "Naishi Houston, nafanya kazi kwenye ghala la mizigo. Mchana nakula sandwichi ya nyama ya ng'ombe ya barbekyu, ile iliyokatwakatwa, mara nne kwa wiki, pamoja na maharage na soda. Presha imepanda, na daktari kaniambia nipunguze chumvi na uzito. Nimetafuta kwenye simu kalori za hiyo sandwichi: mahali pamoja wanasema 350, pengine 550, pengine 1,000. Nishike ipi? Na je, niiache kabisa au kuna namna ya kuila?"

Jibu: Ndugu msomaji, namba zote tatu zinaweza kuwa za kweli, kwa sababu kila mmoja amepima sandwichi yake na zote zinaitwa jina moja. Kinachoamua ni vitu vinne: uzito wa nyama, upande wa kidari ilikotoka, ukubwa wa mkate, na vijiko vya sosi. Ukivijua hivyo vinne utapiga hesabu mwenyewe mezani, na utakuwa karibu na ukweli kuliko programu ya simu, ambayo mara nyingi imejazwa na watumiaji wenzako wasiosema kama walipima nyama mbichi au iliyoiva. Ila kwa mtu mwenye presha, kalori ni nusu tu ya habari. Nusu nyingine, iliyo nzito zaidi, ni chumvi, na katika sandwichi hii chumvi haiingii kwa mlango mmoja.

Tuanze na nyama. Barbekyu ya ng'ombe ya Texas kwa kawaida ni kidari, kilichopakwa chumvi na pilipili manga kikakaa kwenye moshi wa kuni kwa saa nyingi, katika joto la nyuzi kama 110 hadi 120 za Selsiasi, mpaka ndani kifike nyuzi 90 na kitu. Kidari kizima kina misuli miwili iliyolaliana, na katikati yake kuna tabaka nene la mafuta. Mtazame anayekata pale kaunta. Anaanzia upande mwembamba: vipande vinatoka virefu, vimenyooka, na mafuta yamekaa ukingoni tu kama ukanda. Akifika karibu na nusu, anaizungusha nyama, kwa sababu nyuzi za msuli wa juu zinaelekea kwingine. Kuanzia hapo kila kipande kina mafuta yaliyopenya ndani kabisa, kinang'aa, kinachuruzika kwenye ubao.

Hizo ni nyama mbili tofauti kwa hesabu ya lishe. Gramu 100 za upande mwembamba, zilizoiva na kuondolewa mafuta ya ukingoni, zina kalori kama 210, protini gramu 32 na mafuta gramu 8 hivi. Gramu 100 za upande mnene pamoja na mafuta yake zina kalori karibu 350, protini gramu 24 na mafuta gramu 27. Ng'ombe ni yule yule na moshi ni ule ule, lakini upande wa pili una mafuta zaidi ya mara tatu na protini pungufu. Kati ya mafuta hayo, kama asilimia 40 ni yale yaliyoshiba, yaani yanayoganda yakipoa na yanayopandisha lehemu mbaya kwenye damu.

Sasa hiyo yako ya kukatakata. Mara nyingi haitokani na vipande vizuri vya katikati. Ni ncha, mabaki ya kukata, vipande vilivyovunjika, na mengi yake ni ya upande mnene, vyote vimepondwapondwa pamoja kwa kisu kizito na kuchanganywa na sosi kabla hujafika. Ndiyo maana ni laini na ni bei nafuu. Ndiyo maana pia huwezi kuona mafuta wala sosi kwa macho: vimekwisha kuingia humo humo. Ya vipande unaweza kuitoa mafuta kwa uma. Ya kukatakata huwezi.

Tuchukue sandwichi ya kawaida, yenye robo ratili ya nyama iliyoiva, yaani gramu 113, mchanganyiko wa pande zote mbili. Nyama hiyo ina kalori kama 330, protini gramu 30, mafuta gramu 23. Mkate mmoja wa baga wa gramu 50 una kalori 140, wanga gramu 25 na protini gramu 5. Vijiko viwili vikubwa vya sosi tamu ya barbekyu ni kalori 60, nazo karibu zote ni sukari, kama gramu 12. Matango ya siki na kitunguu kibichi havifiki kalori 10. Jumla ni kalori 540 hivi, protini gramu 35, mafuta gramu 25, ambayo 9 au 10 ni yaliyoshiba, na wanga gramu 40. Ukitaka kuhakiki hesabu ya mtu yeyote, zidisha gramu za protini kwa 4, za wanga kwa 4, za mafuta kwa 9, kisha ujumlishe. Ikiwa jibu linapishana sana na kalori alizokuandikia, ameacha kitu.

Namba ya 1,000 inatoka hivi: nusu ratili ya nyama badala ya robo, kalori 660, mkate mkubwa wa siagi na mayai wa gramu 80, kalori 250, sosi vijiko vinne, kalori 120. Tayari umepita 1,000, na bado hujagusa maharage. Namba ya 350 nayo inatoka hivi: gramu 85 za upande mwembamba, kalori 180; mkate wa kawaida, 140; kijiko kimoja cha sosi, 30. Angalia protini ya hiyo ndogo: gramu 32. Imepungukiwa gramu 3 tu na ile ya kalori 540. Kilichoondoka ni mafuta na sukari, na hicho ndicho tunachotaka kiondoke.

Pima ya kwako mara moja, inatosha. Nunua kama kawaida, uende nayo nyumbani, uiweke kwenye mizani ya jikoni inayosoma gramu. Ondoa karatasi kwanza. Karatasi iliyolowa mafuta ina uzito wake, na mafuta yaliyobaki humo hukuyala. Pima sandwichi nzima, andika. Toa nyama yote kwa kijiko ukaipime peke yake kwenye sahani uliyoisawazisha kwenye sifuri. Kinachobaki ni mkate, na utaona umekuwa mzito kuliko ulivyoandikwa kwenye paketi, kwa sababu upande wa chini umefyonza mafuta na sosi. Usiupime huo, tumia gramu 50 kwa mkate wa kawaida au 80 kwa ule mkubwa unaong'aa juu. Kwenye nyama ya kukatakata toa gramu 35 kwa ajili ya sosi iliyomo, au 50 kama imelowa kweli kweli. Makosa yanayojitokeza hapa ni mawili. La kwanza, kuchukua kalori za nyama mbichi na kuzizidisha kwa uzito wa iliyoiva. Kidari hupoteza maji na mafuta mengi motoni, hivyo kilo moja mbichi inaweza kubaki gramu 600, na gramu 100 zilizoiva zina protini nyingi kuliko gramu 100 mbichi. La pili, kudhani kuwa "robo ratili" ya kwenye menyu ni uzito wa sandwichi nzima. Kwenye nyumba za barbekyu ni uzito wa nyama iliyoiva peke yake, na anayekata kwa jicho mara nyingi huzidisha.

Kama duka lako ni la mtandao wenye matawi 20 au zaidi, sheria ya Marekani iliyoanza kutekelezwa Mei 2018 inalazimisha kalori ziandikwe kwenye menyu, na ukiomba wakupe kwa maandishi kiasi cha sodiamu (ile sehemu ya chumvi inayopandisha presha), mafuta yaliyoshiba na sukari, wanapaswa kuwa nayo. Iombe. Duka la tanuri moja la mtaani halibanwi na sheria hiyo, kwa hiyo huko mizani ndiyo mkombozi wako.

Tuingie kwenye presha. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe miligramu 2,000 za sodiamu kwa siku, ambazo ni gramu 5 za chumvi, chini kidogo ya kijiko kimoja cha chai. Mwongozo wa Marekani unaruhusu miligramu 2,300, na wataalamu wa moyo wa huko wanapendelea 1,500 kwa wenye presha. Sasa hesabu sandwichi ya kawaida: mkate miligramu 240, sosi 300, vipande vichache vya matango ya siki 240, nyama 450 hivi. Jumla ni zaidi ya 1,200. Yaani mlo mmoja wa mchana umekula asilimia 60 ya siku nzima, na kwa kipimo cha 1,500 umekula asilimia 80. Ile kubwa ya nusu ratili inamaliza siku yote kwa mara moja.

Watu wengi huilaumu nyama. Nyama yenyewe bila kupakwa kitu ina miligramu 60 hadi 70 tu kwa gramu 100. Zinazobaki ni za mpishi. Mpishi anayepaka gramu 5 za chumvi kwa kila kilo ya nyama mbichi anaipa nyama iliyoiva miligramu 300 na kitu kwa gramu 100, na wapo wanaopaka mara mbili ya hapo. Sehemu kubwa ya chumvi hiyo hukaa karibu na lile ganda jeusi la nje. Ndiyo sababu ncha na vipande vya pembeni, ambavyo ni ganda tupu, vina chumvi nyingi kuliko kipande cha katikati. Na ncha ndizo zinazoingia kwenye ya kukatakata. Lakini tazama tena orodha: mkate, sosi na matango kwa pamoja ni miligramu 780, karibu mara mbili ya nyama. Ukiacha matango na kupunguza sosi iwe kijiko kimoja, umeondoa miligramu karibu 400 bila kugusa nyama hata kidogo. Hapo ndipo tungekushauri uanze kesho.

Kuhusu maharage: nusu kikombe cha yale matamu ya kopo kina sukari gramu 10 au zaidi na sodiamu zaidi ya miligramu 400. Yana faida ya nyuzinyuzi na potasiamu, hatukatai, lakini kwa chumvi hiyo unalipa ghali. Uliza pia yamepikwa na nini. Kwenye nyumba nyingi za barbekyu sufuria ya maharage hutiwa mabaki ya kidari au nyama ya nguruwe, na kama huli nguruwe, swali hilo ni la lazima kila unapobadilisha duka. Soda ya kola ya mililita 355 ina sukari gramu 39. Ukiongeza 12 za sosi na 10 za maharage umefika 61, wakati kiwango cha juu cha sukari ya kuongezwa kwa mtu wa kalori 2,000 ni gramu 50. Kwa upande wa uzito, soda ndiyo ya kwanza kuondoka, kabla ya nyama, kabla ya mkate. Maji, au chai isiyo na sukari.

Hatutaki uondoke ukidhani unakula sumu. Robo ratili ya kidari inakupa vitamini B12 ya kutosha karibu siku nzima, zinki zaidi ya nusu ya mahitaji ya mwanamume, na madini ya chuma miligramu 2 hadi 3 ya aina ambayo mwili huifyonza vizuri kuliko ya mboga. Kwa mtu anayebeba mizigo, protini gramu 35 mchana ni msaada mkubwa. Inashibisha mpaka jioni.

Shida ni mara ngapi. Sandwichi nne kwa wiki ni gramu 452 za nyama nyekundu iliyoiva. World Cancer Research Fund, shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, wanashauri isizidi kati ya gramu 350 na 500 kwa wiki, kwa hatari ya saratani ya utumbo mpana. Kwa hiyo chakula cha kazini peke yake kimeshajaza kikombe, na bado kuna nyama choma ya Jumamosi na mchuzi wa nyumbani. Mwaka 2015 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani waliiweka nyama nyekundu kwenye kundi la vinavyoelekea kusababisha saratani, na nyama iliyosindikwa, yaani iliyobadilishwa kwa chumvi, moshi, dawa za kuhifadhi na kadhalika, kwenye kundi la vinavyosababisha. Soseji za pale kaunta ziko kwenye kundi hilo la pili bila ubishi. Kidari kina nafuu moja: hupikwa mbali na ndimi za moto, kwa joto la chini, kwa hiyo zile kemikali zinazozaliwa nyama inapobabuka kwenye moto mkali ni chache. Zile za moshi zipo, na hukaa juu ya uso wa nyama. Ganda jeusi ni tamu, tunajua, lakini kuliomba la ziada kila siku si busara. Ikiwa Jumamosi huwezi kukosa nyama choma, chagua mbuzi: gramu 100 za mbuzi wa kuchoma asiye na mafuta zina kalori kama 145 na mafuta gramu 3 tu, ingawa nayo inahesabika kwenye zile gramu 500.

Basi usiache, ipunguze iwe mara mbili kwa wiki, na ubadilishe unavyoagiza. Omba ya vipande badala ya kukatakata, kutoka upande mwembamba, katikati, robo ratili. Watakuelewa, wateja wengi wa Texas huchagua upande. Sosi iwe pembeni kwenye kikombe kidogo, uchovye badala ya kumwaga. Matango waache. Kitunguu kibichi ongeza upendavyo, na kabichi iliyokatwa ambayo haijatiwa mayonesi kama ipo. Ukifungua mkate na kula na kipande kimoja tu, cha juu au cha chini, umeokoa kalori 70 na sodiamu miligramu 120. Hesabu ya mlo huo inakuja kalori kama 350 na sodiamu 700 hivi. Siku mbili zilizobaki beba kuku wa nyumbani au maharage uliyopika mwenyewe.

Wengine hukata sandwichi kubwa nusu, wakala nyingine jioni. Ni njia nzuri ya kupunguza, ila isikae kwenye gari. Nyama iliyopikwa haipaswi kukaa nje ya friji zaidi ya saa mbili, na joto likizidi nyuzi 32, ambalo kwa Houston ni miezi mingi ya mwaka, saa moja tu. Bakteria wa nyama iliyopikwa kwa wingi ikapoa polepole huongezeka haraka sana, na harufu haitakuambia. Ukiipasha, ifike nyuzi 74 katikati, itoe mvuke.

Sosi ndiyo unayoweza kuitawala kabisa. Ya dukani, soma mstari wa sodiamu: asilimia 5 ya kiwango cha siku kwa kipimo kimoja ni kidogo, asilimia 20 ni nyingi, na sosi nyingi za barbekyu ziko karibu na 13 kwa vijiko viwili tu. Ya kwako itengeneze hivi. Loweka gramu 100 za ukwaju kwenye vikombe viwili vya maji ya moto kwa dakika 20, uukamue, uuchuje. Tia nyanya ya kopo dogo la gramu 170, ile ya kukolea iliyoandikwa haina chumvi ya kuongezwa, siki robo kikombe, sukari ya kahawia vijiko viwili vikubwa, kitunguu saumu punje tatu zilizopondwa, bizari nyembamba kijiko cha chai, pilipili manga, pilipili ya unga kwa uwezo wako, na chumvi nusu kijiko cha chai, usizidishe. Chemsha moto mdogo dakika 25, ukikoroga, maana nyanya ya kukolea hushika chini ya sufuria na kuungua, na ikiungua sosi yote inakuwa chungu. Ikikolea, utapata kama nusu lita, yaani vipimo 16 vya vijiko viwili viwili. Kila kipimo kina sodiamu miligramu 70 hadi 80 badala ya 300, na sukari uliyoongeza haifiki gramu 2. Ukali wa ukwaju na siki hufanya ulimi usiitafute chumvi sana.

Usitumie chumvi mbadala ya potasiamu kwenye sosi hii kabla ya kumuuliza daktari. Baadhi ya dawa za presha huzuia potasiamu isitoke mwilini, na kwa mwenye figo dhaifu inaweza kupanda hadi kuuvuruga moyo. Wala usiache dawa zako kwa sababu umebadilisha chakula. Pima presha nyumbani asubuhi na jioni, andika, umpelekee yeye ndiye aamue. Sosi ikipoa iweke kwenye chupa ya kioo safi yenye mfuniko, kwenye friji, na uimalize ndani ya wiki mbili.